Mwenye Hatua Fupi

Mwenye hatua fupi hutangulia, wala hakuna ampitaye. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza ya nyumba ile kila walipokwenda kutembea hifadhini, na hapakuwa na mtu aliyehitaji kukumbushwa. Mtoto, ambaye alikuwa na miaka mitano na miezi kadhaa, alitangulia. Nyuma yake alifuata babu yake, kisha mama yake, na baba yake alifunga msafara kwa sababu ndiye aliyebeba mzigo mkubwa. Mtoto akisimama, wote walisimama. Akichuchumaa kumtazama jongoo, msafara mzima ulimngoja jongoo avuke. Na yeyote aliyempita mtoto njiani, awe nani, kwa sababu yoyote iwayo, aliosha viatu vya wote warudipo nyumbani. Mama aliwahi kuviosha mara moja, siku alipoikimbia mvua. Baba alikuwa amekwisha kuviosha mara tatu, na mara zote tatu alilalamika kwamba ameonewa. Babu hakuwahi kuviosha.

Sheria hiyo aliileta Babu mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi ya kupima ardhi kwa miaka thelathini na minane, na katika kikosi cha wapimaji alijifunza kwamba mwendo wa kikosi ni mwendo wa yule wa mwisho. Kijana mshika mnyororo wa kupimia akiachwa nyuma, mnyororo huvutwa visivyo, vipimo vikaharibika, na kazi ya siku nzima ikarudiwa. Basi mzee akaona ni heri yule aliye mzito wa mwendo awekwe mbele, macho ya wote yamwone. Alimlea mwanawe kwa sheria hiyo. Mwanawe sasa alikuwa fundi wa lifti, mtu mzima mwenye upara unaoanza, naye akamlea binti yake kwa sheria ileile.

Jumamosi hiyo walifika lango la hifadhi saa mbili na nusu asubuhi. Kabla ya mtu yeyote kuondoka penye gari, Mama alipanga vitu juu ya boneti na kuvihesabu kwa sauti. Yeye alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Huko kazini huhesabu mikasi, koleo na vipande vya pamba kabla mgonjwa hajapasuliwa, na huvihesabu tena kabla hajashonwa, na idadi isipolingana, hakuna anayeondoka.

“Chupa za maji, tano. Kofia, nne. Makoti ya mvua, manne. Mayai ya kuchemsha, manane. Filimbi, moja. Watu, wanne.”

“Mke wangu, hapa hatumpasui mtu,” alisema Baba.

“Siku nitakayoacha kuhesabu, atakayesahaulika huku utakuwa wewe.”

“Na mayai je? Yakirudi pungufu, tutafanyaje?”

“Mayai tutakuhesabia tumboni.”

Mtoto alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Babu yake alikuwa amempa jina la Mkaguzi, kwa kuwa hakuna konokono, uyoga wala tundu la siafu aliloliacha bila kulikagua, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mwalimu wake wa chekechea alilitumia. Filimbi ilikuwa yake. Ilikuwa ya plastiki, nyekundu, na aliivaa shingoni kwa kamba. Kazi yake ilikuwa moja tu, nayo aliikariri kila safari kama ubeti wa wimbo: akijikuta peke yake, asikimbie wala asitafute mtu, atoke njiani aende kwenye mti ulio karibu, aukumbatie, akae chini, apulize mara tatu, anyamaze, apulize tena mara tatu, mpaka aonekane.

Askari wa hifadhi aliyekaa langoni aliandika majina yao katika daftari na kusema, “Lango linafungwa saa kumi na mbili. Mkichelewa, mtalala na nyani.”

“Tutageuka saa nane kamili,” alijibu Babu, “popote tutakapokuwa.”

Hiyo nayo ilikuwa sheria, na siku hiyo ndiyo iliyomkaa mzee rohoni. Kwa maana juu ya kilima kile, mwendo wa saa nne na ushee kwa miguu ya mtoto, palikuwa na bikoni, yaani nguzo fupi ya zege inayoonyesha mpaka, yenye namba kumi na saba. Babu aliisimika kwa mikono yake alipokuwa na miaka ishirini na minne, hifadhi ilipopimwa kwa mara ya kwanza. Maji ya kukorogea zege aliyapandisha kwa debe kichwani. Tangu siku hiyo hakupata kuiona tena. Na sasa daktari wa mifupa alikuwa amelibonyeza goti lake la kulia, akalitazama kwenye picha, akamwambia bila kumung'unya, “Mzee, goti hili limebakiza kilima kimoja au viwili. Chagua vizuri.”

Alichagua hiki. Hakumwambia mtu habari ya daktari, ila mkwewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa amekwisha kumwona akishuka ngazi ubavuubavu, naye alinyamaza kwa heshima.

Mkaguzi naye alikuwa na lake. Baada ya miezi miwili wangekwenda hifadhi nyingine, yenye ziwa, ambako watu hupelekwa kwa mashua kutazama ndege visiwani. Hakuwahi kupanda mashua. Kwenye ukuta wa chumba chake kulikuwa na mashua kumi na moja zilizochorwa kwa kalamu ya rangi, na katika kila moja walikuwamo watu wanne, mmoja wao akiwa na fimbo.

Walipanda. Msitu ulikuwa wa baridi, na njia ilikuwa nyembamba, yenye mizizi iliyojitokeza kama ngazi. Mtoto alikagua. Alikagua kuvu la rangi ya chungwa, akakagua unyoya, akaurudisha alipoutoa kwa sababu hifadhini hakuna cha kuchukua, akamkagua konokono kwa muda ambao Babu aliupima kwa saa yake ya mkononi: dakika tisa.

“Mkaguzi,” alisema mzee, “huyo konokono ana matatizo gani?”

“Anaenda kwake.”

“Mwache afike.”

“Hajui njia, Babu. Anazunguka.”

“Akizunguka ndiyo njia yake. Twende, mama, twende.”

Kisha ikaja shida ya filimbi. Mtoto alipuliza alipoona kipepeo, akapuliza alipoona kipepeo mwingine, akapuliza kwa kuwa mti ulikuwa mrefu. Mara ya sita mzee alisimama, akanyoosha kiganja.

“Lete. Filimbi si ngoma. Ukipuliza ovyo, siku ya shida nani atakuamini? Nitakupa tukifika juu.”

Mtoto aliivua shingoni akampa. Babu aliitia katika mfuko wa koti lake na kufunga kifungo. Mama alikuwa nyuma kidogo akimmenyea mumewe yai, hakuona.

Saa saba na nusu ilipopita, soli ya kiatu cha Baba ilibanduka, ikawa inapiga makofi kila alipokanyaga. Alikaa juu ya gogo akakivua.

“Fundi wa lifti,” alisema mkewe, “anapandisha majumba ya watu, kiatu chake kimemshinda.”

“Lete plasta zako, usinichekeshe.”

“Plasta ni za vidonda.”

“Na hiki ni kidonda. Kitazame kinavyoachama!” Kisha akainua sauti: “Baba, nyie tangulieni polepole! Tunakuja!”

Babu na mtoto wakaendelea, mtoto mbele. Baada ya kona mbili miti ilianza kupungua, na juu, kati ya matawi, mzee aliona ukingo wa mwamba ambao alikuwa ameubeba kichwani kwa miaka arobaini na sita. Aliutambua mara moja, kwa ule mkato wake kama jino lililovunjika. Bikoni ilikuwa nyuma yake. Alitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili ifike saa nane.

Mbele yake Mkaguzi alikuwa amechuchumaa.

“Babu, siafu wamebeba panzi. Wamembeba mzimamzima!”

“Naona. Twende sasa.”

“Wanapita wao kwanza. Wako njiani.”

Mzee aliwatazama siafu. Walikuwa wengi, na hawakuwa na haraka. Akageuka nyuma akasikia, mbali, mwanawe akicheka. Watafika sasa hivi, alijiambia. Hatua mia mbili kwenda, mia mbili kurudi. Mtoto huyu hataondoka hapa kabla panzi hajafika kwake. Wala hataona.

Akaruka siafu kwa fimbo yake, akampita mtoto, akaenda.

Alihesabu hatua kama alivyohesabu maisha yake yote, na zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Bikoni ilikuwapo. Ilikuwa imeinama kidogo upande wa mashariki na kuvaa kuvu la kijani, lakini alipoifuta kwa leso yake, namba ilitokea, moja na saba, na chini yake herufi mbili za jina lake, ambazo alizichora kwa msumari zege likiwa bado bichi na ambazo msimamizi wake hakupata kuzigundua. Akakaa kando yake. Goti lilikuwa likimpwita kama jipu. Alikusudia kukaa dakika moja, akakaa zaidi. Kutoka bondeni ilisikika sauti ya kugonga, ko, ko, ko, kimya, kisha tena ko, ko, ko, naye akafikiri moyoni kwamba kigong'ota anatoboa mti, na kwamba ni vizuri ndege hao wangaliko.

Alipotazama saa ilikuwa saa nane na dakika sita. Hapo ndipo alipoinuka kwa haraka.

Siafu walikuwa wamekwisha kupita. Mtoto hakuwapo. Na katika kona ya chini, wakati uleule, walitokea mwanawe na mkwewe, soli ikiwa imefungwa kwa bendeji nyeupe kama kichwa cha majeruhi.

“Mkaguzi yuko wapi?” aliuliza Mama.

Mzee alitazama pale walipokuwa siafu.

“Baba, mlikuwa pamoja, siyo?” Mama alimwuliza mzee.

“Alikuwa mbele yangu,” alisema Babu.

Kila neno katika jibu hilo lilikuwa la kweli. Zamani, katika shule ya wamisionari, mwalimu wa dini aliwafundisha kwamba mtu anaweza kudanganya kwa maneno ya kweli tupu, akawauliza mfano katika mtihani, na yeye alipata alama zote.

Waliita. Baba alikimbia juu, akarudi; Mama alishuka kidogo, akapanda. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kazini, ya kuuliza kifaa kimoja kinachokosekana.

“Ana filimbi. Kwa nini hapulizi? Ana filimbi shingoni!”

Vidole vya mzee, ndani ya mfuko wa koti, viliigusa filimbi. Na hapo hapo, kutoka upande wa kushoto wa njia, ilisikika tena: ko, ko, ko.

Hakuwa kigong'ota. Mzee alijua hivyo kama mtu anayejua kwamba amemwagiwa maji. Akaitupa fimbo, akaingia kichakani kwa goti lake bovu, na hatua kumi tu kutoka mahali pale pa siafu, nyuma ya jiwe kubwa, alimkuta mtoto ameketi chini, mkono mmoja umekumbatia mti mwembamba, na mbele yake mawe mawili aliyokuwa akiyagonganisha. Hakuwa amelia. Kamasi zilikuwa zimemkauka juu ya mdomo.

Mama alimkumbatia kwa muda mrefu. Kisha akamkagua vidole, magoti, kichwa, akamsimamisha.

“Filimbi iko wapi?”

“Kwa Babu.”

Babu aliitoa mfukoni. “Nilimnyang'anya mimi. Alikuwa akiichezea.”

Mama aliipokea, akamvalisha binti yake. Hakumwambia mkwewe neno, na mzee angependa kama angemwambia.

“Sasa niambie,” alisema Baba, ambaye hofu ilikuwa ikimgeukia kuwa hasira, “kwa nini uliacha njia? Tumekwambia mara ngapi?”

Mtoto alimtazama babu yake. Alimtazama vizuri, kama alivyokuwa akimtazama yule konokono. Kisha akatazama chini.

“Nilikaa kwenye mti,” alisema.

“Nimeuliza kwa nini uliacha njia.”

Mtoto aliukwaruza udongo kwa ncha ya kiatu.

Ilikuwapo sheria ya tatu, na wote waliijua kama walivyozijua zile mbili: anayeacha njia au kumwacha mwenzake njiani hukosa safari inayofuata. Haikuwahi kutumika. Baba alijipangusa jasho kwa kofia.

“Basi ziwani hutakwenda. Utabaki kwa shangazi yako. Unasikia? Tungekukosa leo.” Akamgeukia mzee, kama watu wa nyumba ile walivyomgeukia siku zote jambo likiwa zito. Pengine alitaka aambiwe kwamba adhabu imezidi. “Au vipi, Baba?”

“Sheria ni sheria,” alisema Babu.

Wakageuka kushuka, mtoto akiwa mbele.

Hapo awali walikuwa wamepanda kwa mwendo wa konokono, na sasa walishuka kwa mwendo ambao mzee hakuutarajia. Mkaguzi hakukagua kitu. Alilipita kuvu la rangi ya chungwa. Jongoo mweusi, mnene kama kidole gumba, alikuwa akivuka njia, naye akamruka bila kuinamisha kichwa. Miguu yake midogo ilikwenda tap, tap, tap, na filimbi ilimpiga kifuani, hakuishika. Mama na Baba walikuwa nyuma kidogo, wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu mashua.

“Hata mashua tumekwisha kuiagiza,” alisikika Mama.

“Tutakwenda watatu. Tufanyeje? Angeanguka mwambani je?”

Goti la mzee lilimuuma kila ngazi ya mzizi. Alijaribu kujiridhisha. Mtoto atasahau. Miaka mitano si umri wa kukumbuka. Atanunuliwa kitu. Na yeye, ambaye neno lake halikuwahi kutiliwa shaka katika nyumba ile wala ofisini wala mbele ya hakimu wa kesi za mipaka, je, ni busara neno hilo livunjwe kwa ajili ya hatua mia mbili na kumi na mbili? Hesabu haikukaa sawa. Aliirudia, haikukaa sawa.

Ndipo mtoto aliposema, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

“Babu.”

“Naam.”

“Mimi ndiye wa mbele.”

“Ndiyo, ni wewe.”

“Wewe ukiwa mbele, mimi ninakuwa nani?”

Mzee alishika tawi, akashuka mzizi mwingine.

“Ulikuwa mbele,” aliendelea mtoto. “Halafu sikukuona. Na Mama sikumwona. Na Baba. Nikajua nimepotea. Lakini wewe humpiti mtu. Kwa hiyo ni mimi niliyekosea. Nilikosea wapi?”

Aliuliza kwa dhati. Alitaka kujua ili asirudie. Mzee aliona wazi jinsi jambo lilivyokwenda: mtoto alikuwa amefuata kila sheria aliyofundishwa, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata nukta, na zote zilimwambia aende kwenye mti. Mtu mmoja tu ndiye aliyevunja sheria kilimani pale, na huyo alikuwa amesema sheria ni sheria.

“Simameni,” alisema Babu kwa nguvu.

Wote walisimama. Alivua kofia.

“Mtoto hakuacha njia. Mimi nilimpita. Alisimama kutazama siafu, saa ilikuwa inakwenda, nami nilitaka kuiona ile bikoni kabla ya saa nane. Nikampita, nikamwacha peke yake, nikaenda nikakaa huko dakika zaidi ya kumi. Alifanya tulivyomfundisha. Filimbi nilikuwa nayo mimi, akagonga mawe. Nilimsikia akigonga. Nikadhani ni ndege. Mliponiuliza, nilijibu kwa hila. Na uliponiuliza wewe habari ya adhabu, nilimtupia mtoto mzigo wangu.”

Kima mmoja alitikisa tawi juu yao, majani yakaanguka.

“Basi, Baba,” alisema mwanawe hatimaye, akikuna upara. “Yamepita. Mtoto amepatikana. Yaishe.”

“Yaishe vipi? Wewe nilikuoshesha viatu jozi tano una miaka saba, kwa kumpita dada yako. Ulilia mpaka ukaloweka kola.”

“Sijasahau, Baba. Nilionewa.”

“Hukuonewa.”

“Siku ile alikuwa amejificha makusudi—”

“Niachie,” alisema Mama. Alikuwa amemtazama mzee muda wote huo. “Baba, kazini kwetu pamba ikikosekana, tunamngoja aliyeishika mwisho aseme. Akisema mapema, mgonjwa anapona. Akinyamaza, tunamfungua mtu tumbo kutafuta kitu kilichoko mfukoni mwa mwingine. Umechelewa. Lakini umesema.” Akavuta pumzi. “Nashukuru. Ila ziwani utabaki nyumbani.”

“Nitabaki.”

“Na viatu,” alisema mtoto.

“Na viatu,” alikubali Babu.

“Vya wote? Na cha Baba chenye bendeji?”

“Na hicho.”

Mtoto alifikiri. Kisha akageuka akaendelea na safari, na baada ya hatua thelathini hivi akachuchumaa ghafla, na msafara mzima ukasimama nyuma yake. Alikuwa amempata jongoo. Walimngoja mpaka akavuka, na hakuna aliyetazama saa. Walifika langoni saa kumi na mbili kasoro dakika tatu, askari akiwa amekwisha kushika kufuli.

Jumapili asubuhi, baada ya ibada, mzee alikaa kwenye kibaraza cha nyuma na beseni, mswaki mkuukuu na kipande cha sabuni, akaosha jozi nne. Alitoa udongo katika mifereji ya soli kwa njiti. Alikuwa hajui kazi ile ina maji mengi kiasi gani. Goti lilikataa kukunjwa, akaukalia mtungi uliofudikizwa. Mwanawe alipita mara mbili kwenda kutoa taka ambazo hazikuwapo, akimtazama kwa pembe ya jicho.

“Kule mbele penye vidole, Baba,” alisema mara ya pili. “Udongo hujificha hapo.”

“Najua.”

“Ulikuwa ukiniambia hivyohivyo.”

“Nimesema najua.”

Miezi miwili ikapita, na goti halikungoja; kufikia wakati huo mzee alikuwa akipanda hata ngazi za zahanati kwa kusita. Safari ya ziwani ilikuwa tambarare, ya kukaa zaidi kuliko kutembea, na kila mtu alijua kwamba ndiyo iliyomfaa kuliko zote. Usiku wa kuamkia safari, mwanawe alimjia na kusema kwamba katika mashua kuna nafasi ya nne, imekwisha kulipiwa, hairudishwi. Babu alimjibu kwamba nafasi hiyo wataweka mkoba.

Asubuhi alisimama mlangoni wakati Mama akihesabu. Chupa za maji, nne. Kofia, tatu. Filimbi, moja. Alipofika kwa watu alisita kidogo, kisha akasema, “Watatu,” na gari likaondoka.

Siku mbili hizo hazikuwa na jambo la kusimulia. Alisoma, alirekebisha bawaba ya dirisha la jikoni, alikula chakula kilichobaki. Jumamosi mchana alijikuta amesimama katika chumba cha mtoto akitazama mashua zile kumi na moja, na katika kila moja mtu mwenye fimbo. Akatoka akafunga mlango.

Walirudi Jumapili saa tisa alasiri, wameungua pua. Mtoto aliingia wa kwanza, viatu mkononi, matope ya ziwa yamekauka juu yake kama ngozi ya pili.

“Babu! Kuna ndege anatembea juu ya maji. Hazami! Na Baba alitapika kwenye mashua.”

“Nilikohoa,” alisema Baba kutoka nje.

“Alitapika mayai mawili. Mama aliyahesabu.”

“Nani amempita mwenye hatua fupi?” aliuliza Babu.

“Hakuna. Kwenye mashua watu hawapitani.” Akamtazama babu yake usoni, macho ya ukaguzi. “Wewe ulibaki kweli? Hukwenda mahali?”

“Nilikwenda mpaka getini, kuchukua gazeti.”

Mtoto alilipima jambo hilo.

“Getini ni nyumbani,” alisema mwisho. “Basi, umemaliza.”

Akaiacha jozi yake mlangoni, akakimbilia jikoni. Mzee alitoka nayo kwenye kibaraza cha nyuma, ingawa safari hii hakuna sheria iliyomtaka, akaukalia mtungi, akaanza na kule mbele penye vidole.